Maji ya Kituo cha Saba

Simu ilitetemeka mara tatu ndani ya buti, ikanyamaza, ikatetemeka tena mara moja.

Shangazi.

Chewa aliweka chini chupa aliyokuwa akiiosha, akafuta mikono kwenye aproni, akapanda ngazi hadi nyuma ya mashua ya kuokolea watu. Saa tatu na robo asubuhi. Sitaha ilikuwa imeshaanza kuchoma. Alichomoa Iridium yake, simu ya setilaiti, akavuta antena.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

"Bado hajaonekana."

"Basi kaza mwendo. Jamaa zake wanakuja kumchukua leo, saa kumi alasiri."

Chewa alitupia jicho saa yake ya Casio mkononi. Saa sita na dakika arobaini na tano zimebaki.

"Na mganga wake?" Shangazi akauliza.

"Mganga nimemjua. Ni yule profesa mgeni."

"Huo ni ushahidi, au ni wivu?"

Simu ikakatwa kabla hajajibu.

Mgonjwa alikuwa tani arobaini za naitreti ya amonia. Mikononi mwa mkulima ni mbolea. Mikononi mwa watu wabaya ni baruti. Shehena hiyo ilipotea ikiwa safarini wiki tatu nyuma, na ofisi ya Shangazi ilijua mambo mawili tu. Kwanza, mzigo ulizamishwa baharini ndani ya mapipa, mahali fulani kwenye pwani ile, ukingoja kundi la kigeni lililotaka kulipua gati la mafuta. Pili, kila jioni mtu mmoja ndani ya meli ya utafiti aliwapigia wenzake redio. Huyo ndiye waliyemwita mganga.

Meli yenyewe ilikuwa na kazi yake halali. Ilipita vituo kumi na viwili, ikiteka maji ya bahari juu na chini, kupima virutubishi vilivyoyeyuka ndani yake: naitreti, fosfeti, silika, amonia. Hivyo ndivyo vinavyolisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na mimea hiyo ndiyo inayolisha samaki. Vikipungua, bahari inalala njaa. Vikizidi, inaoza.

Chewa aliingizwa humo kama muosha chupa. Jina la Chewa, yule samaki wa mwambani, alipewa ofisini kwa tabia yake ya kukaa kimya pangoni mpaka windo lijilete lenyewe.

Mkuu wa maabara ya meli hiyo, mkemia, alikuwa mke wake wa ndoa. Miaka tisa.

Hakuna aliyejua. Shangazi alitaka iwe hivyo, na wao wawili wakakubali: melini hawajuani. Yeye atamwita "mkuu", naye ataitwa "kijana wa chupa", japo mvi zilikuwa zimeanza kumpigia hodi. Mezani nyumbani lilionekana jambo jepesi. Walilicheka hata.

Siku ya kwanza tu, kicheko kikamkauka Chewa.

Profesa mgeni alikuwa mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kinanda. Alikuja na mashine mpya ya kusoma rangi za sampuli, na kuelekeza jinsi ya kuitumia kulihitaji, kwa maoni ya Chewa, kuinamiana kupita kiasi. Alisema neno, mkemia akacheka. Alisema lingine, mkemia akashika meza kwa kucheka. Chewa alisimama kwenye beseni hatua kumi kutoka hapo, akisugua chupa moja kwa dakika ishirini, na kila kicheko kilimpita mwilini kama mwiba wa samaki.

Kicheko kile alikijua. Miaka ya mwanzo kilikuwa chake.

Aliyejifanya kumtuliza alikuwa mwendesha winchi, ile mashine ya kuteremsha chupa baharini kwa waya. Mtu huyo alimwita kila binadamu "shemeji", kuanzia nahodha hadi mpishi, mpaka meli nzima ikamgeuzia jina hilo. Shemeji alikuwa na chupa ya chai isiyokwisha na ulimi usiochoka.

"Shemeji," alimnong'oneza Chewa siku ya pili, akimmiminia kikombe, "nakuona unavyomwangalia mama wa maabara. Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Namwangalia nani? Mimi naangalia chupa."

"Haya. Lakini mgeni ameshashika usukani. Na jioni anakwenda tezini, kule nyuma ya meli, peke yake, ananong'ona gizagiza lile linapoingia. Sijui anaongea na nani. Mimi simo."

Simo, alisema, na kila siku akaongeza kuni. Leo wamekaa bega kwa bega. Leo amemwita "malkia wa naitreti". Chewa alikunywa chai ile na maneno yale pamoja. Akilala, sauti ya Shemeji ilimrudia sikioni, na mtetemo wake mdogo kila ilipofika kwenye neno "shemeji". Usingizi ulikuwa haba.

Jana, kwenye kituo cha saba, mkemia alitaka maji yatekwe upya. Namba zake hazikumridhisha. Mgeni ndiye aliyepinga.

"Tusonge mbele," alisema. "Winchi inahitaji kupumzika."

Anatuondoa pale makusudi, Chewa aliwaza. Na leo, saa nne kasoro robo, akamwona mgeni akitoka maabara kwa kunyata. Koti limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile. Chini ya koti, kitu.

Chewa akamfuata.

Mgeni alishuka ngazi, akakata kushoto, akaingia chumba cha baridi, kule sampuli zinakogandishwa. Chewa alihesabu hadi tano. Akasukuma mlango.

"Usigeuke."

Bastola yake, Glock, ilikuwa imeshagusa kisogo cha mgeni. Mgeni aliganda. Kutoka ndani ya koti zilidondoka chupa sita ndogo, kila moja na karatasi yake: KITUO 7.

"Rafiki," mgeni alisema taratibu, "nadhani kuna kosa."

"Kosa ni lako."

Pingu zililia. Mkono mmoja wa mgeni ukawa rafiki wa bomba la rafu. Chewa alisikia raha ambayo haikuwa ya kazi. Alijua, na hakujali.

Mlango ukafunguka tena. Mkemia alisimama pale na koti lake jeupe, akatazama bastola, akatazama pingu, akamtazama mumewe.

"Mfungue."

"Mkuu, mtu huyu..."

"Achana na mkuu! Mimi ni mkeo. Mfungue!"

Mgeni alikodoa macho. "Huyu ndiye mumeo? Si ulisema mumeo ni karani?"

"Nyamaza," walimjibu wote wawili.

Mkemia alifunga mlango nyuma yake. Pumzi zao zilitoka kama moshi.

"Mimi ndiye niliyemtuma afiche hizo chupa," alisema. "Maji ya mita arobaini ya kituo cha saba yamefanana na maji ya juu kwa kila kitu. Kila kitu! Haiwezekani. Nikahisi kuna mtu anabadilisha sampuli zangu, nikataka zilizobaki zikae mahali salama."

"Na kwa nini alipinga kurudia?"

Mgeni alijibu mwenyewe. "Mwendesha winchi aliniambia breki inaungua. Mimi na winchi wapi na wapi? Nikamwamini."

"Na tezini kila jioni? Unanong'ona na nani?"

Mgeni aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza ile sauti ya kinanda ilikwaruza.

"Natapika," alisema. "Miaka kumi na nane nasomesha mambo ya bahari, na bahari hainipendi. Nilikuwa naomba Mungu mtu asinione."

Mkemia hakucheka. Alimgeukia mumewe.

"Unatafuta nini humu melini?"

Chewa alishusha bastola. Amri ilikuwa asimwambie mtu. Lakini amri haikumlazimisha kuwa mjinga, na ujinga wa siku nne ulimtosha. Akasema.

"Naitreti ya amonia. Imezamishwa. Sijui wapi."

Mkemia alimtazama kama anayemtazama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa.

"Siku nne," alisema. "Siku nne umesimama hatua kumi kutoka kwangu, unatafuta chumvi inayoyeyuka baharini. Na mimi kazi yangu ni kupima chumvi zilizoyeyuka baharini. Hukuona busara ya kuniuliza?"

"Ulikuwa... una shughuli."

"Shughuli gani?"

Uso wa Chewa ulimjibia.

"Alinichekesha," mkemia alisema. "Ndiyo. Wewe mara ya mwisho kunichekesha ilikuwa lini? Umemfunga mtu pingu kwa sababu nilicheka."

Hilo liliingia, likakaa.

Chewa alifungua pingu. Na mikono yake ilipogusa zile chupa kuziokota, ndipo akili ikarudi nyumbani. Mikono. Siku nne alikuwa akipokea chupa kubwa kutoka kwenye waya wa winchi. Zile za mita arobaini zilikuja baridi, zinatoa jasho, vidole vinakufa ganzi. Ile ya kituo cha saba ilikuja na uvuguvugu kama maji ya kunawa. Aliihisi. Akadhani tu ni kosa la mgeni, kwa kuwa siku hiyo kila kosa lilikuwa la mgeni.

Lakini mgeni hakuwa ameigusa bado. Ilitoka kwenye waya moja kwa moja.

"Haikufika chini," alisema polepole. "Ilisimamishwa juu juu. Kipimo cha urefu wa waya kiko kwenye winchi, na anayekisoma ni mtu mmoja. Hakutaka tupime maji ya chini."

Kikulacho ki nguoni mwako. Na chai yake umeinywa.

"Shemeji," alisema mkemia.

Ilimchukua mkemia dakika tatu kumshawishi nahodha kugeuza meli. Saa sita na nusu walikuwa juu ya kituo cha saba. Bahari shwari, pwani ikionekana kama mstari wa kalamu.

"Teremsha chupa," mkemia aliamuru.

Shemeji alikuna kichwa. Safari hii hakumwita mtu shemeji. "Breki imekufa, mama. Labda kesho."

"Hakuna neno," alisema mgeni, akimshika bega. "Twende tukale. Nataka unifundishe kitu. Hivi mtu anafanyaje asitapike baharini?"

Alijitoa mhanga kabisa. Mezani alisimulia kichefuchefu chake chote, siku kwa siku, na mabaharia walicheka hadi machozi. Shemeji alibanwa katikati ya benchi, kulia mpishi, kushoto fundi wa injini.

Tezini, Chewa alifunga chupa ya lita tano kwenye kamba aliyoipiga fundo kila mita. Akateremsha. Kumi. Ishirini. Mkondo ulivuta, kamba ikamla viganja. Thelathini. Arobaini. Akatuma kile kidude cha chuma kinachofunga chupa, kikateleza kwenye kamba kwenda chini. Kamba ikatikisika kidogo.

Imefunga.

Alivuta kwa mikono hadi misuli ikalia. Chupa ikatokeza. Akaikumbatia.

Baridi kama kaburi.

Maabarani, mkemia aliipokea chupa. Alichuja, akamimina kwenye neli za kioo, akadondosha dawa, akasubiri. Chewa alisimama mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nne kumtazama mkewe akifanya kazi bila kumtazama mwanamume aliye kando yake. Macho yake yalikuwa yamehamia ndani ya zile neli. Chewa akagundua, kwa uchungu wa aina nyingine, kwamba hata mkewe angekuwa peke yake chumbani na kazi hii, yeye bado asingekuwa na nafasi. Zile neli nazo aliziona wivu.

Neli ya naitreti ikapata wekundu wa waridi. Ukazidi, ukawa kama damu.

Neli ya amonia ikawa bluu, ikakoza.

Neli ya fosfeti ilibaki vilevile. Maji matupu.

Mashine ilisoma. Mkemia akaandika, akarudia kusoma, akaandika tena.

"Naitreti thelathini na moja. Amonia thelathini. Fosfeti karibu na sifuri."

"Maana yake?"

"Maji ya kina yakipanda, naitreti huja na fosfeti na silika, kama ndugu waliofuatana msibani. Maji machafu ya mjini yakishuka, amonia huja, lakini na fosfeti pia. Hapa zimekuja mbili tu, sawa kwa sawa, kama pacha." Aliweka kalamu chini. "Hakuna kitu baharini kinachofanya hivi. Ni mapipa yako. Mengine yanavuja, na tumekaa juu yake."

Iridium ilikuwa sikioni mwa Chewa kabla mkemia hajamaliza.

"Shangazi. Mgonjwa yuko kituo cha saba. Mita arobaini chini. Mganga ni mtu wa winchi."

"Si mgeni?"

"Si mgeni."

"Nilijua," alisema Shangazi. "Vijana wetu wako nyuma ya rasi. Usiwatishe ndege."

Saa nane na dakika kumi, ndege mmoja akashtuka.

Chewa alitoka na kumkuta Shemeji tezini, ameinama, anagusa kamba iliyolowa. Alihesabu mafundo kwa kidole. Akainua uso. Alitabasamu, na tabasamu halikufika machoni.

"Umevua nini, shemeji?"

"Kolekole mmoja tu."

"Mkubwa?"

"Tani arobaini."

Shemeji alikimbia.

Hakukimbilia mbali. Alifika kwenye winchi, akapiga teke wenzo wa breki. Uzito wa kilo hamsini uliokuwa unaning'inia ukaanguka baharini, na waya uliokuwa umelala sitahani ukafufuka kama nyoka. Kitanzi kikanasa buti la Chewa. Sitaha ikamtoka chini ya miguu. Glock iliruka, ikateleza hadi chini ya mashua. Alivutwa kwa mgongo, kucha zikikwaruza chuma, ukingo wa meli ukimjia mbio.

Mita tatu.

Mbili.

Mtu alitua juu ya wenzo kwa uzito wake wote. Breki ikapiga kelele, waya ukapungua kasi lakini haukusimama, na mtu yule akaushika kwa mkono mtupu.

Ukasimama.

Alikuwa mgeni. Damu ilimchuruzika kwenye kiwiko. Uso ulikuwa umepauka, lakini hakuachia.

"Jinasue!" alifoka. "Sina mkono wa tatu!"

Chewa alijichomoa kwenye buti. Nyuma yao Shemeji alikuwa ameshatoa redio ya mkononi, Icom nyeusi, kidole kwenye kitufe, mdomo umefunguka.

Hakusema lolote. Chupa ya lita tano, bado nusu imejaa maji ya kituo cha saba, ilimtua shingoni kwa nyuma. Alikunjika kama kanga iliyoanguka kambani.

Mkemia alisimama juu yake akihema, ameshika chupa kwa mikono miwili.

"Hilo ni kwa ajili ya namba zangu," alisema.

Redio ilikwaruza sitahani.

"Shemeji, Shemeji. Ongea. Kuna meli juu ya mzigo. Tuje au tusije?"

Watatu walitazamana. Wakisikia kimya watageuka. Watarudi mwezi ujao, na mapipa yatakuwa mahali pengine.

Chewa aliokota redio.

Siku nne sauti ile ilikuwa imelala sikioni mwake. Ilimwamsha usiku. Aliijua kuliko alivyojua yake. Akabana pua kidogo, akauachia ule mtetemo upite.

"Shemeji hapa. Hao ni wasomi tu, wanateka maji. Saa tisa wanaondoka. Njooni saa kumi kama tulivyosema. Njia nyeupe, shemeji."

Aliachia kitufe.

Mkemia alishika mkono wa mgeni uliokuwa unavuja damu, akaufunga kwa aproni. Chewa aliona. Alibaki na macho kwenye redio.

"Sawa, shemeji. Saa kumi."

Walikuja kwa wakati. Boti mbili zenye injini za Yamaha na tishari lenye kreni. Meli ya utafiti ilikuwa imeshasogea maili mbili, imejifanya inapima kwingine. Tishari lilipotia nanga, boti nne za doria zilichomoza nyuma ya rasi kwa mpigo. Ilipigwa risasi moja hewani. Watu kumi na mmoja walilala kifudifudi na mikono kisogoni. Kufikia saa kumi na moja pipa la kwanza lilikuwa juu, limetoboka tumboni, likivuja maji meupe.

Asubuhi iliyofuata meli ilifunga gatini. Shemeji alitangulia, katikati ya watu wawili wasiocheka. Mkemia alibaki maabarani akipanga madaftari. Ripoti ya kituo cha saba ingeandikwa kwa jina lake na la mgeni. La muosha chupa halingekuwemo mahali popote.

"Utakuja nyumbani lini?" Chewa aliuliza.

"Ijumaa. Vimebaki vituo vinne." Hakuinua kichwa. Kisha akainua. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Kazi yako ingekufa kwa sababu ya kicheko changu. Na mtu asiye na hatia angelala ndani. Nenda kamwombe radhi. Mimi na wewe tutaongea Ijumaa."

Mgeni alikuwa sitahani, ameketi juu ya kreti, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Meli ikiwa imesimama gatini, alionekana buheri wa afya.

Chewa alisimama mbele yake. Alikuwa ameshawaelekezea watu bunduki kwa urahisi zaidi ya hivi.

"Nilikukosea," alisema. "Sikukushuku kwa kazi. Nilikushuku kwa sababu alikuwa anacheka na wewe. Na bado ukanishikia waya. Naomba unisamehe."

Mgeni alimsogezea nafasi kwenye kreti.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila nikwambie ukweli, maana mimi si muongo. Hukuwa umekosea yote. Kama asingekuwa mke wa mtu, ningejaribu. Siku zote nne alikuwa ananisimulia habari za mumewe karani. Nilichoka kumsikia."

Chewa alisikia wivu ukirudi, mkali na wa moto, kama siku ya kwanza kwenye beseni. Pia alisikia kitu kingine, pembeni yake, ambacho hakuwahi kukipatia jina.

"Asante," alisema.

Aliteremka ngazi ya meli, buti moja mguuni na kandambili ya kuazima mguu wa pili. Mfukoni simu ilitetemeka mara tatu, ikanyamaza, ikatetemeka mara moja. Hakuipokea. Nyuma yake, karibu na dirisha la maabara, alimsikia mgeni akisema kitu, na mkemia akacheka.

Kila mshipa wa shingo ulitaka kugeuka.

Chewa akatembea moja kwa moja, hatua kwa hatua, mpaka akatoka nje ya lango la bandari.